Nusu Sentimita

Mimi ni fundi cherehani hapa Kibakwe, na kama kuna kitu watu wananiheshimia ni futi yangu. Haina upendeleo. Mteja akija kupimwa kiuno akavuta tumbo ndani, simwambii kitu. Nakaa na futi mkononi namsubiri, pumzi ina mwisho wake. Sasa mtu wa namna hiyo umsimamishe ukutani kliniki ya wajawazito, umshushie kibao utosini, halafu utangaze mbele ya benchi zima kwamba ana sentimita 149 na nusu. Nilibisha hapo hapo.

"Sista, kibao umekikandamiza."

"Sijakandamiza, mama. Hebu shuka."

"Basi nipime tena, nilikuwa sijanyooka."

"Mama, wenzio wanasubiri."

Wenzangu hao walikuwa wanasubiri tangu saa moja asubuhi na chai hawajanywa, kwa hiyo wa kunitetea hakuwepo. Nikashuka. Lakini ile nusu sentimita sijaisamehe mpaka leo, na sababu ninazo.

Kadi ya kliniki ina orodha ya mambo yanayofanya mjamzito aangaliwe kwa jicho la pili, na urefu chini ya sentimita 150 ni mojawapo. Wanasema mwanamke mfupi huweza kuwa na nyonga nyembamba, mtoto akafika njiani akakwama. Mimba ya kwanza baada ya miaka 35 nayo imeandikwa humo, na mimi huko nilikuwa nimeshavuka. Niliosoma nao darasa moja watoto wao wako sekondari. Hiyo ya umri sikubisha, cheti cha kuzaliwa ninacho. Ninachobishia ni nusu sentimita. Kwenye gauni hiyo ni ya kukunjia pindo tu, na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia nguo kwa ajili yake. Kwenye kadi yangu ikapigiwa vema kwa kalamu nyekundu, nesi akasema bila hata kuinua macho: "Wewe hutazalia hapa. Utaenda hospitali kubwa."

Kliniki yenyewe siitaji jina. Bado nina mtoto wa kupeleka kupimwa uzito kila mwezi, na mkono unaoshika mizani ndio ule ule ulioshika kibao.

Nilipofika nyumbani nikamwita mwenzangu anipime kwa futi yangu ya kazini. Nikasimama kwenye fremu ya mlango, visigino vimegusa mbao, kidevu juu. Kabla hajafika hata magotini, mama mkwe akatokea jikoni na mwiko.

"Toka hapo mlangoni! Mjamzito hasimami mlangoni, mtoto atakwama!"

Kwa maneno mengine, yeye na nesi walikuwa wanaogopa kitu kimoja, ila mmoja ana kadi na mwingine ana mwiko. Nikahamia ukutani. Mwenzangu akasoma 149 "na kidogo". Hiyo kidogo ndiyo tunayobishania mpaka sasa, maana yeye ni dalali wa vitunguu, na kwa dalali kidogo inaweza kuwa chochote.

Mama mkwe wangu ni Mgogo wa zamani, amezaa watoto wake wote nyumbani kwa mkono wa mkunga wa jadi, na kila asubuhi baada ya "mbukwa" alikuwa na katazo jipya. Mayai nisile, mtoto atazaliwa na kipara. Kiungulia nisikitibu, ni nywele za mtoto zinaota. Nikamuuliza iweje mtoto mmoja awe na nywele za kuniunguza kifua na wakati huo huo awe na kipara cha mayai. Akasema ndio maana wanawake waliosoma wanachelewa kuzaa.

Na mimba yangu haikunisaidia kwa mkwe. Katika vyakula vyote vilivyopo duniani, tumbo langu lilichagua kuchukia mlenda. Katika Ugogo! Lingechukia pilau ningeonekana nina adabu. Mlenda ule wa kukausha na kutwanga ukiingia sufuriani, mimi niko nyuma ya nyumba nimeshika mti. Mama mkwe hakusema neno. Alikaa na ugali wake wa uwele, akamega tonge, akalitazama muda mrefu, akamwuliza mwanawe kama ana uhakika ukoo wetu sisi ni watu wa wapi.

Nilichotamani ni ubuyu, ambao hauna kesi hapa kwetu, na udongo wa kichuguu, ambao una kesi. Nesi alitutolea somo zima: udongo unazuia madini ya chuma yasifanye kazi mwilini, damu inapungua, na humo ndani mna mayai ya minyoo. Alieleza vizuri sana. Wakati anaeleza, benchi zima lilikuwa linatafuna, kimya kimya, midomo imefungwa.

Hiyo ya damu wana vidonge vyake, vyekundu, kimoja kila siku. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba vinageuza choo kuwa cheusi. Siku ya kwanza kuona nilikaa kitandani nikaanza kugawa mali kichwani: cherehani kwa mdogo wangu, vitenge kwa mama, madeni kwa mume. Nikaja kuuliza kliniki, wakaniambia, "Ah, hiyo ni kawaida." Hilo neno kawaida nimelisikia miezi yote ile. Miguu kuvimba jioni, kawaida. Kukojoa usiku kucha, kawaida. Kumchukia mume kwa sababu ananuka vitunguu, kawaida, ingawa alikuwa ananuka vitunguu tangu tunachumbiana na nikaolewa naye hivyo hivyo. Kitu pekee ambacho hawakukiita kawaida ni urefu wangu.

Kuhusu mume na kliniki nina mengi, nitasema machache. Siku ya kwanza unatakiwa uende na mwenza wako, mpimwe damu wote wawili. Ukienda naye unaanza kuhudumiwa, ukienda bila yeye unarudi kuchukua barua kwa mwenyekiti wa kijiji ieleze mwenza wako yuko wapi. Nasikia mijini wako wanaokodi dereva wa bodaboda awe mume wa asubuhi moja. Wangu sikumkodi, ila usumbufu wa kumpata ulikuwa ni ule ule. Mara kuna mzigo unatoka Lumuma, mara kuna mnunuzi anatoka Dodoma. Alipokuja kufika akakalishwa benchi, akatobolewa kidole, akatoa sauti ambayo mimi sikuitoa hata leba. Majibu yalitoka mazuri. Kuanzia siku hiyo akawa anasimulia kijiweni kwamba kliniki siyo mchezo, inataka moyo.

Mimi huku nilikuwa nameza vidonge vitatu vya SP vya kuzuia malaria kwa mkupuo, mbele ya nesi, naye ananitazama koo mpaka vipite. Hiyo haikusimuliwa kijiweni.

Halafu yupo wifi yangu wa Dodoma mjini. Yeye alizaa wakati kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza 2012, ndiyo habari ya mjini: ulikuwa unatuma neno "mtoto" kwenda 15001, unapata ujumbe wa bure wa ushauri. Wifi alizikariri meseji zote. Mtoto wake sasa anavaa viatu vikubwa kuliko vyangu, lakini yeye bado ananipigia simu na kunisomea kwa kichwa, wiki kwa wiki, na akipitwa na wiki anarudi nyuma. Nikimwambia nimeshaambiwa kliniki, anasema, "Sawa, lakini ulipewa na msisitizo?"

Turudi kwenye futi. Ukishapita nusu ya mimba wanakupima tumbo, kutoka mfupa wa kinena mpaka kilele cha mfuko wa uzazi, na sentimita zinazopatikana zinakaribiana na idadi ya wiki. Kitu kizuri kabisa, nilikipenda. Ila ile futi yao ilikuwa imekatika mwanzoni. Inaanzia 2. Nimeiona kwa macho yangu, namba 1 haipo, kuna nyuzi zinaning'inia. Nikamwuliza nesi kwa heshima zote kama huwa anakumbuka kutoa zile mbili. Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Wewe ndiye yule wa kibao?"

Na tarehe je? Wanachukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, wanaongeza miezi 9 na siku 7, wanakuandikia kwenye kadi: tarehe ya matarajio. Sisi mafundi tunasemwa nchi nzima kwa kuahidi Ijumaa na kutoa nguo Jumatano ya wiki ya pili. Tunatukanwa, tunaitwa matapeli, watu wanatuvizia njiani. Hakuna fundi aliyewahi kuandika tarehe kwenye karatasi ya serikali, siku ikafika, ikapita, na kila aliyemwuliza akajibu kwa utulivu kwamba wachache sana huzaa siku yenyewe.

Kisha nikapewa orodha ya vitu vya kwenda navyo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma za uzazi ni bure, na mimi sera hiyo naiunga mkono kwa nguvu zote. Orodha ilikuwa imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la mistari: glovu, pamba, nyembe, kibana kitovu, mpira wa kutandika kitandani, beseni, ndoo, sabuni, doti za kanga zilizofuliwa zikalainika. Bure yenyewe ndiyo hiyo. Muuza duka akaisoma mara moja tu, akaanza kushusha vitu bila kuuliza, kwa mpangilio ule ule wa karatasi, akanichagulia na rangi ya beseni. Anaijua kuliko nesi.

Sasa kwa nini upelekwe mbali kwa nusu sentimita? Hapa inabidi nieleze tunakokaa. Kibakwe iko kusini ya wilaya ya Mpwapwa, na kati yetu na makao makuu ya wilaya kuna milima, halafu kuna Gulwe. Milima kiangazi inavumilika. Bodaboda anaipanda akiimba. Tatizo ni mvua, ambayo huku katikati ya nchi haina habari na sisi nusu mwaka, ikianza Desemba inataka kulipa madeni yote kwa pamoja. Na Gulwe ndiko maji yanakokwenda. Mwishoni mwa 2009 mafuriko yaliibomoa reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe, ile ya Wajerumani, chuma na mataruma, treni ya abiria ikasimama kwa miezi. Kama maji yaliiweza reli, mimi na ndoo yangu ya glovu ni nani?

Mimba yangu ilikuwa imepangwa kuisha Februari. Mwenzangu, akiwa na matumaini ya kidalali, akasema ipo namba. Ni kweli ipo, mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa 2022: mama akipata dharura mnapiga 115 bila malipo, wanatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana wanamtuma dereva wa hapo hapo kwenye jamii aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Namba nimeiandika kwa chaki ya kukatia nguo kwenye ubavu wa meza ya cherehani, na haijafutwa. Lakini nesi alikuwa na jibu lake. "115 inaleta gari, mama. Haivuki maji ya Gulwe."

Nikambishia tena, nikamwambia bibi zetu walizaa. Akafungua droo, akatoa karatasi, akasoma. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ukakadiria 104. Akina mama wanaozalia kwenye vituo vya afya walikuwa 63 katika kila 100, wakafika 81. Akakunja karatasi. "Unataka kuwahesabia hawa 104 wawe 105?" Ukishaulizwa hivyo unafunga mfuko. Nilifunga mfuko, nikaweka na futi yangu ndani, na sindano, na uzi mweusi na mweupe.

Nikapelekwa kukaa chigonela, nyumba ya kusubiria uzazi iliyo jirani na hospitali. Hospitali nayo siitaji. Chigonela ni mahali pa ajabu. Ni wanawake watupu, wote wana matumbo, wote hawaumwi, na wote wamekatazwa kwenda nyumbani. Vitanda vimepangwa pande mbili, kila mtu ndoo yake chini ya kitanda, sufuria yake, na kikundi chake cha mafiga nje kwenye banda. Asubuhi moshi wa kuni unawaamsha wote kwa pamoja. Nesi anapita, anasikiliza mapigo ya mtoto, anapima presha, anaandika, anaondoka. Baada ya hapo siku nzima ni yenu, na hakuna cha kufanya nayo.

Vyeo vipo. Wa juu kabisa ni waliozaa kwa kisu huko nyuma; hao hata kuni wanaletewa. Wanafuata wa mapacha. Halafu wenye mimba nyingi. Mimba ya kwanza ndiyo daraja la mwisho, na mimba ya kwanza kwa sababu ya ufupi haina hata kiti. Kulikuwa na dada mmoja kutoka milima ya Wotta, mimba ya saba, ndiye aliyekuwa anaendesha nyumba: nani apike kwanza, nani azime taa, nani anakoroma ahamie pembeni. Kwa umri alikuwa mdogo wangu wa mbali. Aliniita "mwanangu" tangu siku ya kwanza na mimi nikaitika "abee".

"Mwanangu, wewe una tatizo gani?"

"Nusu sentimita, dada."

Alifikiri sana. "Wapi?"

Kusubiri kwenyewe ndiko kunakotesa. Mtu anakuja jioni na mfuko wake, hata jina hamjalishika, usiku uchungu unamshika, asubuhi anarudi kuchukua ndoo yake akiwa amebeba mtoto. Mnampongeza kwa meno. Mimi niko pale pale, tarehe ya matarajio imepita, nafagia. Waliniambia kufagia kunashusha mtoto. Nilifagia chumba, banda, uwanja, nikafagia mpaka kwa majirani. Mtoto hakushuka, ila mlinzi alinishukuru.

Mama mkwe aliposikia siku zimepita, akatuma dawa. Ilifika kwa konda wa basi, kwenye chupa ya maji ya dukani, ina kitu cha kahawia kinachotulia chini ukiitikisa kinapanda. Maelekezo yalikuja kwa simu: funda tatu, uchungu utakuja wenyewe. Dada wa mimba ya saba akaipeleka chupa kwa nesi kabla sijafungua kifuniko. Nesi akainusa, akaimwaga kwenye sinki, akafungulia maji muda mrefu. Akatueleza kwamba hizo dawa zinaweza kuukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu mpaka ukapasuka. Jioni mama mkwe akapiga simu kuuliza kama imefanya kazi. Nikamwambia imekwenda yote.

Balaa lingine ni kwamba walijua mimi ni fundi. Nilikuwa nashona pindo la kanga kwa mkono, nikaonwa, basi. Zipu, vifungo, kola za wanaume ambao hata hawapo. Na kwa kuwa futi ilikuwa mkononi, na mchana ni mrefu, nikaanza kuwapima wenzangu urefu. Kwa burudani tu. Mama wa mapacha, kadi yake inasema 152. Futi yangu ikasema 148. Mwingine wa kitanda cha mlangoni ana 155 kwenye kadi, kwangu ana 151. Kukawa na manung'uniko. Wawili wakataka kadi zao zirekebishwe, mmoja akataka arudishwe nyumbani kabisa, na dada wa Wotta akakataa kupimwa akisema mwanamke wa mimba ya saba haongezwi wala hapunguzwi. Nesi alikuja kutuliza kelele, akaninyang'anya futi, akaifungia kabatini pamoja na mikasi. Nikarudishiwa siku ya kuruhusiwa, kwa sahihi.

Uchungu ulinishika wakati wa ugali wa jioni, ugali wangu, ambao dada wa Wotta alinisaidia kuula. Aliyetunga ile methali kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi alikuwa mtu wa kweli, lakini angeendelea kidogo, angetoa maelezo. Nilijua utakuja tumboni. Ulikuja mgongoni. Ulishika kiuno, ukaachia, nikadhani umeghairi, kumbe unarudi na wenzake.

Leba, mkunga akanipima njia. "Sentimita tatu. Nenda ukatembee."

"Umepimaje?"

Akanionyesha vidole viwili.

Jamani. Vidole! Kwenye urefu wangu nusu sentimita ilikuwa kesi ya kunihamisha kata, lakini hapa, penye kazi yenyewe, wanakadiria kwa vidole. Mimi nikimpima mteja kiuno kwa vidole nitaitwa kwa mtendaji. Nikamwambia hayo yote, katikati ya uchungu na uchungu. Akasema ana miaka mingi ya kupima kwa vidole hivyo na hajawahi kurudishiwa nguo. Nikajua wameshaambizana habari zangu.

Nikatembea. Ukifika 4 wanaanza kukuchora kwenye karatasi yenye mistari, na inatarajiwa njia ifunguke kama sentimita moja kila saa mpaka 10. Nilizunguka korido ile nikihesabu sentimita zangu kwa mara ya kwanza maishani bila kuziona. Tano. Tano na nusu, akasema; nusu! Nikamwuliza hiyo nusu ni kidole kipi. Nje, mwenzangu alikuwa anapiga simu kila mara kwa watu wa Kibakwe kuwapa taarifa, nasikia sauti yake dirishani akisema "bado, bado, soko limelala".

Saa ya kusukuma ikafika usiku wa manane. Nilisukuma kwa kadiri ya ninavyojua kusukuma, yaani kitu nilichokuwa nimeona kwenye sinema.

"Mama, unasukuma shingo! Sukuma chini!"

"Ndiyo chini hiyo!"

"Hapo umekaza uso tu. Funga mdomo, kidevu kifuani, haya, uchungu ukija. Haya! Usibane miguu, mama, mtoto yuko hapo!"

Sitasema yote niliyoyasema. Nilimtaja mume wangu, nikautaja na ukoo wake, nikavitaja vitunguu. Mkunga alisema amesikia makubwa zaidi kutoka kwa wake za wachungaji. Kisha ikaja moja kubwa, na baada ya hiyo ukaja ukelele ambao haukuwa wangu.

Msichana. Kilo tatu na gramu mia. Wakampima urefu, 49, na kichwa, 34, kwa futi nzima safari hii, inayoanzia mwanzo; niliomba nionyeshwe. Wamemweka kifuani kwangu, bado ana utelezi, jicho moja wazi moja limefumba, ananikagua. Nywele hana. Na mayai sikula.

"Umeona?" nikamwambia mkunga. "Amepita. Nusu sentimita yenu haikuzuia kitu."

"Tulia mama, nakushona."

Hapo ndipo nilipoamka kweli kweli. Nikamwuliza anatumia mshono gani, uzi wa namba ngapi, na kama amefunga fundo mwanzoni. Akasema huo uzi unayeyuka wenyewe. Nikamwambia uzi unaoyeyuka mimi nikiutumia kwenye suruali ya mtu nitafungwa. Akaomba nimwache amalize, hii siyo marinda. Nilimwacha. Ila alivyokata uzi nilisikia kwa mkasi wake kwamba haujanolewa.

Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshachemsha maji. Nesi aliniagiza maji ya vuguvugu yenye chumvi, ya kukalia. Ya mama mkwe yalikuwa yanatoa mvuke, na kitambaa juu yake, na shangazi wawili wa kunishika mikono. Anakanda tumbo kwa nguvu za mtu anayesubiri mjukuu tangu zamani. Nikilia, anasema ndio linarudi. Kisha ananifunga kanga tumboni, anavuta, anakaza kwa goti. Kiuno nimepata, pumzi ndiyo sijui iko wapi. Halafu uji wa pilipili manga, jagi zima, niumalize, nipate maziwa. Wageni wanaokuja kumwona mtoto nao wanapewa uji. Wanakunywa sana. Sijajua wao maziwa wanayapeleka wapi.

Wenzangu walioajiriwa wana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: siku 84 za likizo ya uzazi zenye malipo, 100 ukizaa pacha, na baba naye siku 3. Mwenzangu hajaajiriwa na mtu, lakini zile siku 3 amezichukua zote, amelala. Mimi nimejiajiri, na mwajiri wangu hana utu: anaamka usiku, anaitazama cherehani, anapiga hesabu ya kodi ya fremu.

Jana kaja mteja. Kaingia na tabasamu, kavua viatu mlangoni, kanipa pole na hongera, kampokea mtoto. Kamsifia pua, kamsifia vidole, kasema kafanana na baba yake masikio tu, mengine yote ni mimi. Kamwekea noti ya elfu moja mkononi, hela ya sabuni, na mtoto akaibana kweli kweli. Nikaona huyu ndiye mgeni wa maana. Kamrudisha mtoto taratibu, kakaa, kajikohoza.

"Mama Fulani, sasa na lile gauni langu la kipaimara? Uliniambia Ijumaa."

Nikamwambia ile ilikuwa tarehe ya matarajio.

Uji hakuugusa. Alisimama, akavaa viatu vyake, akarudi pale kwenye mkeka, akavikunjua vidole vya mwanangu kimoja kimoja, akaondoka na elfu moja yake.